Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: ICU yetu inahitaji maji na maabara kabla ya mashine nyingine

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Hospitali,
Daktari Msimamizi wa Hospitali.

KUH: BAKTERIA SUGU KATIKA WADI YA WAGONJWA MAHUTUTI (ICU)

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote.

Sehemu kubwa ya maneno haya mmeshaipokea. Barua yangu ya kwanza ilipigwa mhuri wa mapokezi katika ofisi yenu, na nakala ninayo. Niliandika ya pili baada ya kimya. Nilipopiga simu niliambiwa faili iko mezani kwa mkubwa. Nilipokuja mwenyewe niliambiwa mkubwa yuko mkutanoni, niache namba. Namba niliiacha. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote, kwa adabu ileile, ila sitarudi tena kukaa kwenye benchi nje ya mlango wenu.

Hospitali sitaitaja kwa jina, wala kaunti. Nyinyi mnajijua. Wauguzi wa wadi ile walitutendea wema mwingi na sitaki hata mmoja wao aitwe kujieleza kwa sababu yangu. Tena, yeyote aliyewahi kulaza mtu wake ICU katika ukanda huu wa magharibi mwa Kenya atayatambua mengi nitakayoyasema bila kuonyeshwa jengo.

Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu, naishi Kisumu. Karibu maisha yangu yote ya kazi niliyatumia kwenye meza ya bakteria. Kwa hiyo siandiki kwa uchungu peke yake, ingawa uchungu ninao.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wetu wanaingia ICU na ugonjwa mmoja na kuuawa na mwingine walioupatia humohumo ndani, na huo wa pili kwa sehemu kubwa unazuilika kwa maji, mikono misafi na maabara inayofanya kazi. Naomba vitu hivyo vipewe fedha kabla ya kununuliwa mashine yoyote mpya.

Niwaeleze kwanza wasomaji ambao hawajaingia humo. Mgonjwa wa ICU huwa amewekewa mpira kooni unaomwunganisha na mashine ya kupumulia, mwingine kwenye kibofu cha mkojo, na mwingine mwembamba kwenye mshipa mkubwa wa damu. Mipira hiyo ndiyo inayomweka hai, na hiyohiyo ndiyo inayowapa bakteria njia ya kufika kwenye mapafu, figo na damu. Hawezi kukohoa akatoa makohozi. Hawezi kujigeuza. Anaguswa na mikono ya watu wengi usiku na mchana, na mikono hiyo imetoka kwa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Kuna bakteria watatu ambao kila aliyekaa kwenye meza yangu anawajua kwa sura na kwa harufu. Klebsiella huishi tumboni mwa binadamu na husafiri kwa mikono. Pseudomonas hupenda majimaji: sinki, mabomba, chupa za unyevu za oksijeni. Acinetobacter anaweza kukaa wiki kadhaa kwenye reli ya kitanda au kwenye kitufe cha mashine, mahali pakavu kabisa, mpaka mkono upite. Wengi wa hawa wanaopatikana hospitalini wana vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijawadhuru, na uwezo huo hupitishwa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti. Kimeng'enya kiitwacho NDM-1, kinachoishinda hata meropenemu, antibiotiki kali ambayo madaktari huitumia nyingine zikishindwa, kilipatikana katika Klebsiella waliotoka kwa wagonjwa jijini Nairobi kati ya 2007 na 2009. Hakuna msimamizi wa hospitali nchini anayeweza kusema leo kwamba jambo hili limemjia ghafla.

Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwezi Januari 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na ulichangia vifo vya watu milioni 4.95. Kwa Kenya peke yake makadirio ya watafiti hao ni vifo 8,500 vya moja kwa moja na 37,300 ambavyo usugu ulihusika navyo, katika mwaka huo mmoja. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani nalo likasema kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini, na kwamba mmoja kati ya kila 10 wanaoambukizwa hivyo hufa. ICU ndiko hali huwa mbaya zaidi. Shirika hilohilo likaongeza kwamba pale usafi wa mikono na hatua nyingine za gharama nafuu zinapofuatwa, asilimia 70 ya maambukizi hayo huzuilika.

Sasa malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Maji na mikono

Sinki liko mlangoni mwa wadi, lakini mfereji wake ulikuwa mkavu kila nilipoufungua. Wauguzi walikuwa wakitumia ndoo yenye koki iliyowekwa juu ya kiti. Ikiisha, wa kuijaza ni mhudumu mmoja anayehudumia pia wadi nyingine. Visanduku vya sanitaiza viko ukutani, vingi vitupu; jamaa za wagonjwa tuliombwa tulete chupa zetu. Glavu moja niliiona ikitoka kitanda hiki kwenda kingine, na sikumlaumu aliyeivaa, kwa sababu niliona pia boksi la glavu lilivyobaki na chache.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Muuguzi wa ICU anayezifuata zote atasafisha mikono mara nyingi mno ndani ya saa moja. Hawezi kuzifuata kwa ndoo iliyo mwisho wa chumba. Anahitaji chupa ya dawa ya kusugulia mikono kwenye kila kitanda, karibu kiasi cha kuifikia bila kupiga hatua.

Na dawa hiyo inaweza kutengenezwa katika famasia ya hospitali yenyewe. Kanuni yake ilishachapishwa na shirika hilo, na kila mfamasia anaweza kuipata: ethanoli ifikie asilimia 80, hidrojeni peroksaidi kidogo ya kuua mbegu za vijidudu ndani ya chupa, glisarini kidogo ili ngozi isipasuke, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Ethanoli hutokana na molasi, na huko Muhoroni, katikati ya mashamba yetu ya miwa, imetengenezwa kwa miaka mingi. Sioni kwa nini hospitali ya ukanda huu ingojee chupa za plastiki kutoka kwa mzabuni wa mbali ambaye hajalipwa.

Kuhusu maji sina mengi. Ukanda huu una ziwa, mito na mvua. Hospitali ikikosa maji, kilichokosekana ni pampu, tangi au malipo ya bili, na vyote vitatu viko chini ya sahihi zenu.

Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka wenzake waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake wanaojifungua. Vifo vikashuka sana, hata kabla sayansi haijathibitisha kwamba bakteria huleta ugonjwa. Tunaloliomba lilishajulikana wakati babu zetu hawajaiona reli.

2. Maabara isiyootesha

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mgonjwa wa ICU akipata homa mpya, daktari anapaswa kuchukua damu au makohozi kabla ya kumwanzishia antibiotiki na kuyapeleka maabara. Kipimo chenyewe si cha ajabu. Damu inawekwa kwenye chupa yenye lishe, katika joto la mwili. Bakteria wakiota wanapandwa kwenye sahani ya agari, yaani rojo iliyoganda ya kuwaoteshea, na juu yake tunaweka vidonge vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa mbalimbali. Baada ya usiku mmoja tunachukua rula na kupima kwa milimita duara lililo wazi kuzunguka kila kidonge. Dawa yenye duara pana bado inafanya kazi. Ambayo bakteria wameota mpaka ukingoni mwake, imeshindwa. Ndani ya siku mbili au tatu daktari anajua ni bakteria gani na ni dawa ipi inayoweza kumuua. Bila hayo, anarusha mawe gizani, na kila jiwe lina bei.

Mtoto wa kaka yangu aliingizwa ICU baada ya ajali ya bodaboda, na jeraha la kichwa. Madaktari wa upasuaji walifanya kazi nzuri na nawashukuru hadharani. Alianza kufumbua macho akiitwa jina. Kisha homa ikapanda, makohozi kwenye mpira yakabadilika rangi, na kiwango cha oksijeni kwenye mashine kikawa kinaongezwa. Nikauliza kama makohozi yamepelekwa maabara. Nikajibiwa kwamba sahani za kuoteshea zimeisha, na chupa za damu hazijaletwa. Akatolewa kwenye antibiotiki ya seftriaksoni akawekwa kwenye meropenemu, kwa kubahatisha. Tukaomba sampuli ichukuliwe, sisi wenyewe tuipeleke kwenye maabara ya binafsi kwa gharama yetu, na ruhusa ya kufanya hivyo ikachelewa kupatikana kana kwamba tumeomba kitu cha siri. Majibu yalisema ni Acinetobacter, sugu kwa kila dawa iliyokuwa kwenye orodha ya kipimo, meropenemu ikiwemo. Yalipofika, sisi tulikuwa tunapanga mazishi.

Siwezi kuapa kwamba majibu ya mapema yangemwokoa. Jeraha lilikuwa kubwa. Ninachojua ni kwamba siku zake za mwisho alitibiwa kwa dawa ambayo haikuwa inamgusa bakteria wake, na kwamba hakuna mtu ndani ya jengo lile aliyekuwa na njia ya kulijua hilo.

Tena jibu la maabara halimsaidii mgonjwa mmoja tu. Likisema Acinetobacter sugu, wadi nzima inapaswa kubadilika siku hiyohiyo: mgonjwa atengwe na apewe muuguzi wake kama inawezekana, mashine na reli za kitanda zipanguswe kwa klorini, wagonjwa wa vitanda vya jirani wachunguzwe. Je, aliyelazwa kwenye kitanda kile baada ya mtoto wetu, familia yake iliambiwa nini? Nilipoyapeleka majibu yale wadini yalipokelewa kwa masikitiko na kuwekwa kwenye faili ya mtu ambaye tayari amekufa.

Msiniambie hatuna wataalamu. Kisian, nje kidogo ya Kisumu, KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, imekuwa ikifanya utafiti wa magonjwa kwa miongo kadhaa. Uchunguzi wa vifo vya watoto wadogo uliofanyika Siaya na Kisumu, ukiwa sehemu ya mradi wa nchi kadhaa, umeitaja Klebsiella miongoni mwa bakteria wanaoonekana mara nyingi zaidi katika vifo hivyo. Vijana wa maabara wanaijua kazi. Baadhi yao niliwafundisha mimi. Wanachokosa ni agari.

3. Dawa

Katika wadi zetu seftriaksoni imekuwa ya kila mtu: wa homa, wa kidonda, wa kuhara, hata anayesubiri upasuaji mdogo. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kutumika kwa uangalifu, na za akiba. Seftriaksoni iko katika kundi la uangalifu pamoja na meropenemu. Kolistini iko katika akiba, na ni dawa inayoweza kuumiza figo. Kadiri tunavyoitumia seftriaksoni ovyo kwenye wadi za kawaida, ndivyo tunavyowachagua bakteria wasioiogopa, nao hupanda ngazi pamoja na wagonjwa hadi ICU.

Lipo jingine ambalo halisemwi. Dawa hizi zikikosekana kwenye famasia ya hospitali, familia hupewa karatasi ikanunue nje. Familia hununua kadiri ya mfuko wake: dozi za leo, za kesho tutaona. Nimeona dozi ya usiku ikirukwa kwa sababu pesa za mchango zilikuwa bado hazijaingia kwenye simu. Dawa ikiwa nusu mwilini, bakteria dhaifu hufa na wenye nguvu hubaki kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya hatari ya kutumia dozi ndogo mno katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945. Ulikuwa mwaka uleule aliotunukiwa.

4. Wauguzi

Muuguzi wa ICU angefaa kuwa na mgonjwa mmoja. Hapo hapakuwa hivyo, hasa usiku. Muuguzi mwenye wagonjwa watatu kwenye mashine, mmoja akianza kuzama, atakimbia bila kusafisha mikono, na mimi ningekimbia vilevile. Kichwa cha kitanda kinachotakiwa kuinuliwa nyuzi 30 hadi 45 ili matapishi yasiingie mapafuni kitasahaulika kikiwa bapa. Ajirini, na walipeni kwa wakati.

5. Familia haziambiwi

Tuliambiwa "maambukizi." Baadaye tukaambiwa "maambukizi yameingia kwenye damu." Karatasi ya mwisho ikaandika kwamba moyo na mapafu vilisimama, jambo ambalo ni kweli kwa kila maiti. Hakuna mahali palipoandikwa bakteria gani, alipatikana wapi, na kwamba mgonjwa hakuingia nao.

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 43 kinampa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Nilipoomba kujua ni wagonjwa wangapi wa ICU waliopata nimonia baada ya saa 48 kwenye mashine katika mwaka uliopita, niliulizwa nataka kuzipeleka wapi takwimu hizo. Nataka kuzipeleka kwa wenye wagonjwa. Na nina hofu kwamba sikujibiwa kwa sababu hakuna anayehesabu, na hilo ni baya kuliko kufichwa.

Najua baadhi ya majibu mtakayonipa, kwa kuwa mengine nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema fedha hazitoshi. Ni kweli hazitoshi, na najua pia fedha kutoka Nairobi huchelewa. Lakini tangu mpango wa kukodi vifaa vya tiba ulipoanza mwaka 2015, na tena wakati wa korona, tumeona mashine zikifika kwa malori na kupigwa picha. Mwaka 2020 watafiti walihesabu vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kupumulia nchi nzima, na ni kaunti 22 tu kati ya 47 zilizokuwa na ICU. Kila mtu akataka vitanda zaidi, na mimi nilitaka pia. Hata hivyo kitanda cha ICU kisicho na maji na kisicho na maabara humpa mgonjwa pumzi leo na kumpa Klebsiella kesho. Halafu zipo gharama za upande wa pili: mgonjwa aliyeambukizwa hukaa kwenye mashine siku nyingi zaidi, hutumia dawa ghali zaidi, na anaziba kitanda ambacho mwingine anakisubiri akiwa kwenye ambulensi. Mkipiga hesabu hiyo na mhasibu wenu, bei ya agari itawaonekea tofauti.

Mtasema usugu unatoka mitaani, kwenye maduka ya dawa yanayouza amoksilini bila karatasi ya daktari, na kwa wafugaji wanaowapa kuku dawa kiholela. Hilo nalo ni kweli, na wanaohusika wawajibishwe. Lakini duka la dawa haliwezi kuhamisha Acinetobacter kutoka kitanda cha tatu hadi cha nne. Kadiri wagonjwa wanavyokuja na usugu kutoka nje, ndivyo wadi inavyohitaji zaidi kuwapima wanapoingia.

Mtasema, au wengine watasema kwa niaba yenu, kwamba wafanyakazi ni wazembe. Hapo sitakubali. Wekeni maji, dawa ya mikono, glavu na idadi ya kutosha ya wauguzi, kisha mwaka mmoja baadaye tuzungumze kuhusu uzembe.

Mtasema ni jukumu la serikali ya kitaifa. Huduma za afya ziligatuliwa tangu 2013 na hospitali iko mikononi mwa kaunti. Kitaifa mipango ipo: Kenya ilikuwa na mpango wa kupambana na usugu wa 2017 hadi 2022, na sasa tuko kwenye wa pili, wa 2023 hadi 2027. Septemba 26, 2024, kwenye Umoja wa Mataifa, nchi za dunia ziliahidi kupunguza kwa asilimia 10 vifo vinavyohusishwa na usugu ifikapo 2030, na kuhakikisha vituo vyote vya afya vina huduma za msingi za maji na usafi. Ahadi hizo hazina mahali pa kutimizwa isipokuwa kwenye sinki la wadi kama ile yenu.

Na mtasema ninawatisha watu wasije hospitalini. Nawaomba wasomaji wote: mtu wenu akizidiwa, mpelekeni. ICU inaokoa maisha kila wiki, na niliona kwa macho yangu waliotoka wakitembea. Ninachotaka ni wengi zaidi watoke.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba haya, na naomba kila moja lijibiwe kwa maandishi:

(a) Maji yatiririke kwenye sinki la ICU saa zote, kukiwa na tangi la akiba la wadi hiyo peke yake, na chupa ya dawa ya kusugulia mikono iwekwe kwenye kila kitanda. Famasia ipewe idhini na vifaa vya kuitengeneza.

(b) Bajeti ya kaunti iwe na fungu la maabara ya bakteria linalosimama peke yake, lisilochanganywa na vitendanishi vya malaria na sukari, ili chupa za damu, agari na vile vidonge vya karatasi vya kupimia dawa visikatike. Kukitokea upungufu, kuwe na makubaliano ya kupeleka sampuli kwenye maabara nyingine bila familia kudaiwa wala kuomba ruhusa.

(c) Ateuliwe muuguzi mmoja ambaye kazi yake pekee ni kuzuia maambukizi, asiyevutwa kwenda kuziba pengo la zamu. Kamati ya dawa ikutane na iamue seftriaksoni na meropenemu zitolewe kwa sababu gani na zisimamishwe lini.

(d) Dawa za akiba za ICU zinunuliwe na hospitali. Mgonjwa aliye kwenye mashine asikose dozi kwa sababu mchango wa familia haujafika.

(e) Kila mwezi ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa hospitali idadi ya wagonjwa wa ICU waliopata nimonia ya mashine, maambukizi ya damu na ya mkojo, pamoja na bakteria waliopatikana. Majina ya wagonjwa yasitajwe. Namba zitakuwa mbaya mwanzoni, na nitakuwa wa kwanza kuitetea hospitali itakayokuwa na ujasiri wa kuzitoa.

(f) Familia ya kila anayefariki akiwa na ambukizo la hospitalini ielezwe hivyo, ana kwa ana, na daktari, na iandikwe kwenye ripoti yake.

Ombi langu la takwimu za mwaka uliopita nimeliwasilisha upya leo chini ya Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016, inayowapa siku 21 za kujibu. Makadirio ya bajeti yanapaswa kufika bunge la kaunti ifikapo Aprili 30. Nitakuwa kwenye vikao vya maoni ya umma kabla ya hapo, pamoja na familia nyingine nne zilizonitafuta baada ya kusikia habari zetu, na tutauliza ukurasa gani una fungu la (b). Kama mnahitaji mtu wa kuwasaidia kupanga upya meza ya bakteria na kuwanoa vijana, nitakuja bila malipo, siku mtakayosema.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mtaalamu wa maabara mstaafu, shangazi wa marehemu
Kisumu

Nakala:
Mwenyekiti, Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti
Chama cha wauguzi, tawi la kaunti